Mwanao, Mchukue

Mtu akinirudishia kitu ambacho sijamdai, mimi hukigeuza chini juu nikitafuta ufa. Ndivyo nilivyo na sioni haya. Kwa hiyo asubuhi ile Ulbosin alipopenya kwenye uwazi wa ukuta wetu, mikono inanuka maziwa, akaniambia, "Dada Sharbanu, leo mama kanitajia Bekaris, akasema mwanao," sikumpa hongera. Nilimsogezea kigoda.

"Kaa. Anataka nini?"

"Hakusema anataka kitu. Kasema tu, 'Ulbosin, mwanao karuka ua, kararua suruali. Mshonee.' Halafu akaendelea kukamua."

"Mwanao?"

"Mwanao. Nimesikia kwa masikio yangu haya mawili."

Chai ilichemka ikamwagika jikoni na hakuna aliyeinuka.

Bekaris ni mtoto wa tumbo la Ulbosin, wa kwanza. Lakini hakumlea. Alipomwachisha ziwa tu, mama mkwe wake Kulzipa alikuja na mumewe, ambaye siku hizo alikuwa hai, wakamviringisha mtoto kwenye mfarishi wakaondoka naye hadi nyumba ya pili, ile kubwa ya paa la buluu inayotazama reli. Hakuna aliyeiba. Kwetu mjukuu wa kwanza ni wa wazee, na kijana aliyeoa humtoa bila kinyongo, au humtoa na kinyongo akakimeza. Mtoto akianza kusema humwita bibi mama. Baba yake mzazi humwita kaka. Na mama yake mzazi, kwa kuwa ni mke wa kaka, humwita shemeji.

Basi mimi nimekaa miaka yote hiyo nikimsikia mtoto akipita barabarani na mkoba wa shule, "Shemeji, hujambo! Shemeji, mama anaomba chumvi!" na Ulbosin anampa chumvi. Binti zake wawili waliofuata humwita kaka yao huyo baba mdogo. Watu wa mbali hucheka. Ulbosin naye hucheka, kisha huenda kufagia mahali ambapo pameshafagiwa.

Lugha yetu nayo haina huruma. Kikazakhi hakikuruhusu kuliacha neno mtoto likatembea peke yake; lazima mkiani ulitie alama ya mwenyewe, kama tunavyochanja masikio ya kondoo ili ijulikane ni wa zizi gani. Balam, mwanangu. Balang, mwanao. Balasi, mwanawe. Kulzipa kwa Bekaris alikuwa na alama moja tu, balam, na alikuwa akiitamka kwa sauti ya kusikika hadi kituo cha treni. Ulbosin, kwa adabu ya mke aliyeolewa, hawezi kumdai mtoto mbele ya mama mkwe. Hata jina la mama mkwe halitamki. Kwa hiyo kila siku ya Mungu alikuwa akiuliza, "Mama, mwanao amekula? Mama, mwanao ana kikohozi?" Yaani kila siku alikuwa akimtoa upya, kwa mdomo wake mwenyewe.

Ndiyo maana neno moja la zizini lilitutoa jasho.

"Labda kazeeka," nilisema. "Ulimi umeteleza."

"Ulimi wa mama hautelezi. Ulimi wa mama una misumari."

"Basi mtoto kafanya kosa kubwa. Watoto wakifanya makosa huwa wa mzazi mwingine."

"Suruali, dada? Mwaka jana alichoma moto banda la nyasi, akaitwa mwanangu mpaka zimamoto wakaondoka."

Nilikuna kichwa. Halafu Ulbosin akasema kile alichokuja nacho.

"Ni yule wa mjini."

Yule wa mjini ni Tolganai, mke wa Margulan, mdogo wake mume wa Ulbosin. Margulan ndiye mtoto wa mwisho wa Kulzipa, na kwa desturi mtoto wa mwisho ndiye hubaki na nyumba ya wazee na moto wake. Lakini Bekaris alipochukuliwa alihesabiwa mtoto wa Kulzipa, na akawa yeye ndiye wa mwisho. Margulan hakuwa na neno. Kwenye harusi yake mwenyewe alisimama na bilauri mkononi akasema, "Nyumba ni ya Bekaris, mimi ni mlinzi tu, naomba mshahara," watu wakavunjika mbavu. Ila harusi ni harusi. Tangu hapo Tolganai amekuja kutoka Almaty na masanduku yake, Kikazakhi chake kimejaa Kirusi, na kiangazi kilipokwisha alianza kuvaa nguo pana.

"Ana mimba," Ulbosin alisema.

"Kila mtu anajua ana mimba."

"Basi hesabu mwenyewe. Wanataka Bekaris arudi kwangu, aitwe wangu, ili wa mwisho awe Margulan tena. Na mtoto wa mjini azaliwe chini ya paa la buluu."

Nitasema nini? Ilikuwa na akili. Ingekuwa nimeifikiria mimi ningejisifu.

Kuanzia hapo macho yetu hayakulala. Ulbosin alimkuta Kulzipa akishona mfarishi mdogo wa mahameli ya kijani, wenye pamba ya kondoo ndani. Alipouliza ni wa nani, bibi alisema, "Wa mtu," akakata uzi kwa meno. Ni wa mtoto wa mjini, tukasema, mwingine atauhitaji nani? Kisha akakuta godoro la Bekaris, ambalo tangu utoto liko ubavuni mwa Kulzipa, limehamishiwa chumba cha pembeni. Alimuuliza mumewe Serimbet. Serimbet ni mtu mwema na kwa mambo ya nyumbani ni kama gogo.

"Mama anajua anachofanya," alimwambia.

"Hilo ndilo linalonitisha," Ulbosin alimjibu.

Na kulikuwa na jambo la mlango. Kila alasiri, shule ikitoka, Tolganai alikuwa akijifungia na Bekaris chumbani. Mtu akisimama barazani alisikia minong'ono, mwanamke na mtoto, neno lilelile linarudiwa, kisha kicheko, kisha linarudiwa tena. Ulbosin akifungua mlango, kimya. Tolganai ameshika simu, mtoto ameshika mkia wa paka, wote wekundu usoni.

"Mnafanya nini?" alimuuliza siku moja.

"Ninajifunza lugha, dada," Tolganai alisema kwa Kikazakhi chake cha kuvunja mawe. "Mwisho wa maneno. Yangu, yako, yake. Ngumu sana. Bekaris mwalimu yako."

"Mwalimu wangu?"

"Mwalimu yangu! Ona? Ngumu."

"Na lazima mlango ufungwe?"

Tolganai alimtazama mtoto, mtoto akatazama paka. "Nimeambiwa nisiseme," alisema hatimaye, na ungedhani amekiri kuua mtu.

Ulbosin alikuja kwangu mbio. "Umesikia? Kaambiwa asiseme! Wanamfundisha mtoto. Wanamfundisha kusema anataka kuondoka mwenyewe, ili mimi nisipate pa kulalamikia."

"Na wewe humtaki?" nilimuuliza.

Sijui kwa nini niliuliza. Alinitazama mpaka nikajuta. Kisha alilia, na huyu ni mwanamke ambaye sijamwona akilia hata kwenye mazishi ya baba mkwe wake, ambako kulia ni kazi.

"Ninamtaka mpaka mifupa inauma," alisema. "Lakini si kwa kutupwa. Akirudi kwangu kwa sababu kafukuzwa, atajua kafukuzwa. Ana akili yule. Atakaa kwangu akijua yeye ni mtoto aliyewekwa nje ili kiti kiwe wazi. Bora aniite shemeji mpaka nife."

Alikuwa amekata shauri, na mimi sikumpinga.

Baridi ya kwanza iliposhika mto, Kulzipa aliamuru farasi wa nyama ya majira ya baridi achinjwe. Mapema mno. Nyasi ndogo zilikuwa bado zina kijani, farasi alikuwa bado ana uwezo wa kunenepa, na Kulzipa si mtu wa kuharakisha nyama. Wanaume walichinja, sisi wanawake tukapewa utumbo. Tuliosha kwa maji ya moto na chumvi, tukageuza, tukaosha, tukashindilia nyama ya mbavu na mafuta na kitunguu saumu, tukafunga ncha. Ulbosin alikuwa mbele yangu na karai lake. Tolganai alikuwa ameziba pua kwa leso, lakini mikono yake imo ndani ya maji kama ya wengine, nikampa alama moja kwa hilo, moja tu.

"Mnaalika watu wengi?" nilimuuliza Kulzipa, kwa sauti ya mtu asiye na haja.

"Wa nyumbani tu. Na wewe."

"Mimi kwa nini?"

"Kwa sababu usipoalikwa utasimama kwenye ukuta, utashikwa na baridi."

Nilicheka kwa kuwa ilikuwa kweli. Lakini nilijiambia, huyu anataka shahidi.

Siku ya pili mchana tulikaa kuzunguka meza ya chini. Nyama ya farasi ilikuwa imelazwa juu ya vipande vya unga vilivyosukumwa vyembamba, mvuke unapanda, mchuzi kwenye bakuli, mandazi yametawanywa juu ya kitambaa. Kulzipa alikaa mahali pa juu, mbali na mlango, pake pa siku zote. Bekaris alienda kukaa kwenye goti lake la kulia, pake pa siku zote.

"Huko leo hapana," Kulzipa alisema. "Kakae karibu na Serimbet."

Mtoto aliinuka bila kuuliza. Hilo lilinishtua kuliko amri yenyewe, kwamba hakuuliza. Alikaa kati ya Serimbet na Ulbosin, amenyooka, amechanwa nywele kwa maji, ana shati jipya. Mikono kaiweka magotini. Midomo yake ilikuwa ikicheza kidogo, kama mwanafunzi anayengoja kuitwa ubaoni. Nilimwona Ulbosin ameiona midomo ile. Alikuwa mweupe kama unga uliokuwa mezani.

Tulikula. Kulzipa alikuwa akituchagulia vipande na kutugawia kwa mkono wake, akampa Tolganai mafuta mengi kwa ajili ya mimba, akampa Margulan mfupa wa kuguguna. Yeye mwenyewe hakula. Kisha akafuta vidole, akasema bila kupandisha sauti.

"Ulbosin. Mwanao, mchukue. Leo aende kwako."

Serimbet aliacha kutafuna. Margulan aliinamisha kichwa. Bekaris alivuta pumzi, akamgeukia Ulbosin, akafungua kinywa.

"Simchukui," Ulbosin alisema.

Kwa mama mkwe! Mbele ya nyama! Miaka yote ile hajawahi kumwambia hata maji ni ya moto. Sasa alikuwa amepiga magoti, mikono kwenye meza, na maneno yalitoka kama maji ya mfereji ukiondoa kizuizi.

"Simchukui, mama. Mtoto si ndoo, unaazima, ukipata nyingine unarudisha. Nilikupa akiwa na maziwa yangu mdomoni, nikanyamaza. Umemlea ukamwita wako, nikanyamaza. Leo kuna mwingine njiani, huyu amekuwa wangu? Leo kwa kuwa nyumba inatakiwa? Mmemfungia chumbani mkamfundisha maneno! Simchukui, haki ya Mungu simchukui!"

Alikuwa akimtazama Kulzipa. Mimi nilikuwa nikimtazama mtoto. Kile kinywa kilichokuwa wazi kilijifunga polepole. Bekaris alitazama shati lake jipya, akaanza kuchezea kifungo.

Tolganai ndiye aliyejibu. Alisimama na tumbo lake, leso imeanguka.

"Dada, hapana, hapana! Mwanangu aliomba. Mwanawe. Mwanao, mwanao! Yeye mwenyewe aliomba!" Akapiga paji la uso kwa hasira, akaendelea kwa Kirusi, haraka, na Margulan ndiye aliyetugeuzia, akisitasita.

Kumbe ilianza wakati wa machipuko, siku ya kina mama shuleni. Watoto walikimbia mbio za kupokezana na mama zao. Bekaris alikwenda na Kulzipa, na Kulzipa kwa magoti yake alifika nusu ya uwanja akakaa chini kwenye kiti cha mwalimu. Upande wa pili wa kamba Ulbosin alikuwa akikimbia na binti yake mkubwa, kilemba kimemtoka, anacheka. Walishinda. Usiku wake wakiwa wamelala, mtoto alimuuliza Kulzipa kama inaruhusiwa mtu kumbadilishia shemeji jina.

"Nilimwambia alale," Kulzipa alisema. "Akalala. Mimi sikulala. Kiangazi kizima nimekitafuna kitu hicho. Akaniuliza mara ya pili, nikamwambia, sawa, lakini nipe muda. Sijui kusema mwanao. Ulimi wangu haujawahi. Nilianza kumwambia ng'ombe nikikamua, hakuna anayesikia. Siku moja ukawa umesimama nyuma yangu, nikakwambia wewe."

"Na chumbani?" Ulbosin alisema. Ilikuwa kama mtu anayeuliza njia.

"Chumbani alikuwa anajizoeza," alisema Margulan. "Kusema mamangu. Alikuwa anaona aibu, anacheka kila akifika mwisho. Wakajifunza pamoja, yeye na huyu wangu. Alitaka akushtue leo."

"Na godoro nililitenga ili azoee kulala bila mimi," Kulzipa alisema. "Mfarishi ni wake, wa kuja nao kwako. Farasi ni wake pia, sikutaka atoke kwangu kama anayefukuzwa, nilitaka atoke na karamu. Na nyumba ni ya Bekaris, nilishasema mbele ya mume wangu, siwezi kusema mbili. Anayetaka kuila aanze na matofali."

Margulan alitikisa kichwa, kwamba kweli. Mimi niliangalia ndani ya bakuli langu la mchuzi. Bado nilikuwa nikitafuta ufa, mnisamehe, ni mazoea. Sikuupata.

Ulbosin alimgeukia mtoto. Alikuwa na mafuta kwenye vidole na hakujua aviweke wapi.

"Bekaris," alisema. "Mwanangu."

Nilikuwa nimekaa nyumba ya tatu maisha yote na sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Sidhani na yeye aliwahi kujisikia. Mtoto aliinua uso, lakini hakumtazama yeye. Alimtazama Kulzipa, kwa kuwa akiitwa mwanangu huko ndiko huwa anageuka. Alisubiri. Na Kulzipa, ambaye hajawahi kumkosesha mtoto yule macho yake hata mara moja, aligeuka akampa mgongo. Alishika birika akamimina chai kwenye bakuli lililokuwa tayari limejaa, ikafurika juu ya kitambaa, ikaenda mpaka kwenye mandazi, na yeye anamimina tu.

Mtoto alipokosa uso wa kutazama alimrudia Ulbosin.

"Umesema hunichukui," alimwambia.

"Nimekosea."

"Umeapa."

"Nimeapa vibaya. Nilidhani wanakutupa. Nilikuwa nawakemea wao, si wewe. Wewe nimekutaka tangu siku walipokubeba."

Alifikiri. Jambo hilo aliliangalia kila upande kama mtu mzima, nikampenda. Kisha akaenda mlangoni kuvaa buti zake. Tolganai alimletea mfarishi wa kijani umekunjwa, akambusu kichwani. Kulzipa bado alikuwa anafuta chai.

Nami nilitoka nyuma yao na fungu langu la nyama, kwa sababu njia ni moja. Baridi ilikuwa imekaza. Ulbosin alitangulia na mfarishi kifuani, mtoto nyuma yake hatua chache, anapiga teke vibonge vya udongo. Serimbet alikuwa amebaki ndani na mama yake. Sikuwasikia wale wawili njiani wakisema mamangu wala shemeji wala lolote, na niamini, nilisikiliza.

Walipofika kwenye lango la nyumba ya Ulbosin, mtoto alisimama.

"Mgongo wa Apa huuma usiku," alisema. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akimwita Apa, bibi, kama wajukuu wengine wote. "Mimi ndiye humkanda. Sasa nani atamkanda?"

Ulbosin alikuwa ameshashika komeo. Alibaki amelishika. Aliangalia nyumba yake, ambamo binti zake walikuwa wameshawasha taa kumsubiri baba mdogo wao, akaangalia paa la buluu. Nilidhani atamwambia ingia ndani, kuna baridi. Mimi ningesema hivyo, na angeingia.

Alimvuta kofia ikafunika masikio, akamfuta kamasi kwa ncha ya kilemba chake, kisha akamgeuza kwa mabega, wakarudi walikotoka, mfarishi kautupa begani. Mlango wa Kulzipa haukuwa umefungwa. Ulbosin aliusukuma kwa goti, akaita kutoka kizingitini kama mtu mwenye nyumba:

"Mama, sogea. Tupo wawili."